Baba Yake Alikuwa Anamtazama Tu

Jamani... mtoto wangu alikuwa anazama, na baba yake amekaa ukingoni anamtazama!

Hasogei. Hapigi kelele. Miguu iko majini, uso umemwelekea mtoto, katulia kama anayeota jua.

Mimi niko ng'ambo ya bwawa na soda mikononi...

Ngojeni kwanza niwaeleze tulifikaje pale. Msije mkamhukumu mtu bure, kama nilivyomhukumu mimi.

Tuna binti mmoja. Nyumbani anaitwa Bibie, kwa jinsi anavyojua kuamrisha watu. Shule zilipofungwa akaomba kitu kimoja tu: siku nzima ya kucheza kwenye maji, sisi watatu.

Mjini kwetu kuna sehemu mbili za michezo ya maji. Kuna ile mpya: miteremko mirefu ya kila rangi, bwawa la mawimbi, watu kama siafu. Na kuna ile ya zamani: kibwawa kimoja cha mviringo, maji ya kiunoni, bembea zimebabuka rangi.

Mimi na Bibie tukasema ile mpya!

Mume wangu akasema, "Twendeni ya zamani."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Kumetulia."

"Baba Bibie, mtoto amefaulu vizuri hivi, unampeleka kwenye beseni?"

Nilidhani atacheka. Akainuka mezani, akaondoka.

Aisee, akili yangu ikaanza mbio. Huyu mtu alikuwa amebadilika! Nikimpungia mkono barabarani ananipita kama hanijui. Gari la kazini, maana ni dereva, harudi nalo tena. Nikiuliza... "Liko gereji." Gereji gani isiyoisha?

Nikampigia wifi yangu, dada yake.

"Wifi, niambie ukweli. Kaka yako ana mtu kule bwawa la zamani?"

Akalikwepa swali langu.

"Wifi, nendeni anakotaka yeye. Nakuomba."

Ahaa! Kumbe wananizunguka wote wawili!

Nikamfuata uani nikamwambia kavu kavu, "Tunaenda ile mpya. Hutaki, baki na huyo unayemficha!"

Kisha akasema taratibu, "Sawa, mama. Nitakuja."

Ile mpya ilikuwa kelele tupu. Muziki, filimbi, watoto wanapiga mayowe ya raha.

"Nafuata vinywaji. Usimwondolee macho mtoto!"

"Mwambie basi asiende mbali na mimi."

"Mwambie mwenyewe, si una mdomo?"

Nikaondoka zangu, nimenuna.

Nilipogeuka kutoka kwenye foleni, mawimbi yalikuwa yameshamburuta Bibie hadi upande wenye kina. Nguo yake nyekundu inaonekana, inapotea. Mikono inapiga maji. Na baba yake yuko hapo karibu, anamtazama tu!

"BABA BIBIE! MTOTO ANAZAMA!"

Akaruka na nguo zake zote. Akakimbilia... upande mwingine kabisa!

Akamkumbatia mtoto mwenye nguo nyekundu, akamwinua juu. Mtoto wa watu! Yule mtoto akaangua kilio. Mume wangu akampapasa uso, akamwachia, akaanza kuzungusha mikono majini kama mtu anayetafuta swichi gizani.

Mume wangu alikuwa haoni.

Soda zikaanguka. Nikakimbia kuzunguka bwawa huku napiga kelele:

"Kushoto! Kushoto kwako! Mbele... mbele tena! Chini! Yuko chini hapo!"

Akaifuata sauti yangu. Akazama. Maji yakamfunika... nikaona kama yamenichukulia wote wawili.

Akaibuka na Bibie begani.

Mwokoaji wa pale bwawani akamlaza ukingoni, akampulizia pumzi. Kimya. Akarudia. Kimya.

Mume wangu kapiga magoti pembeni. "Anapumua? Jamani, anapumua?"

Watu hawakumjibu. Walidhani anaona.

Halafu... kikohozi! Maji yakamtoka. Kilio. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile!

Kwenye korido ya hospitali ndipo aliponiambia.

"Macho yananizimikia tangu mwaka jana. Pembeni giza, katikati ukungu. Kazini walishanitoa kwenye usukani, nabeba mizigo ghalani. Dada ndiye pekee anayejua, nilimwapisha. Lile bwawa la zamani ni dogo, kimya. Ningemsikia popote alipo."

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Niliogopa utaanza kunionea huruma."

Nikamshika mkono tukaingia wodini.

Bibie akafumbua macho. "Mama, usimgombeze baba. Haoni."

"Nani kakwambia?"

"Najua siku nyingi. Anavaaga kandambili zako, namrekebishia mlangoni."

"Sasa mwanangu, kama ulijua, kwa nini uling'ang'ania ile mpya?"

Akamtazama baba yake kama anaona haya.

"Ina rangi nyingi. Nilitaka baba azione kabla macho hayajaisha."

Jamani... mume wangu alikaa chini sakafuni palepale, akalia kama mtoto. Na mimi pembeni yake.

Daktari wa macho amesema kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki watajitahidi kukilinda kwa dawa. Hivi ninavyoandika, Bibie anamfokea baba yake asitingishe kichwa, anamtia matone.

Wapendwa, kwangu kila mtu alikuwa anamlinda mwenzake kimyakimya, na ukimya ule nusura utuulie mtoto. Leo mkalishe mwenzako chini umuulize anaogopa nini. Halafu nyamaza, umsikilize mpaka amalize.

Mimi niliuliza kwenye korido ya hospitali, mtoto wangu akiwa ameponea chupuchupu. Wewe uliza mapema.