Mkanda Uliosomwa Mara Tatu

Jumatatu tarehe 14 Machi 1983, saa moja na dakika arobaini asubuhi, Kapya alifungua kabati la chumba cha kompyuta akakuta mkanda haupo. Ulikuwa umefika Ijumaa kutoka Brussels, na ndani yake, kwa maneno ya wauzaji, mlikuwa na programu ambayo kampuni ya vipuri vya migodi aliyofanyia kazi Kapya iliingoja miaka miwili. Jumanne ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuijaribu. Kapya ndiye aliyetia sahihi kuupokea, na mkataba ulisema wazi: mkanda ukipotea baada ya hapo, kosa ni la kampuni, na wauzaji wanaongezewa mwaka mzima wa kuileta programu.

Kufuli halikuvunjwa. Chola, mlinzi, alikuwa na ufunguo wa pili, na mkurugenzi alikwisha kuamuru azuiliwe langoni. Kapya alimfuata.

"Ufunguo yako iko wapi, Baba Chola?"

"Ku musumari, mu kibanda yangu, Mama. Bote banajua."

"Na samedi, Jumamosi ile?"

"Kisha midi, saa sita, tulienda bote ku salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia barabara. Si tulikuwa na weye? Kibanda ilibakia yenyewe. Mama, ile mashini siyue hata kuiwasha."

Kapya alirudi katika chumba chake cha baridi, ambamo wenzake hawakuingia. Aliyebisha hodi kila siku alikuwa Kunda peke yake, fundi wa wauzaji. Karibu na kompyuta kulikuwa na taipureta iliyoandika yenyewe kila amri. Akasoma karatasi ya Jumamosi. Saa tisa na dakika kumi, mkanda umewekwa: hauna kitu. Saa tisa na dakika kumi na nane: hauna kitu. Saa tisa na nusu, tena.

Mwizi huchukua akaenda zake. Huyu alisoma kwanza. Na amri zile walizijua watu wawili tu. Mmoja, yeye mwenyewe, Jumamosi ile alikuwa barabarani na fagio.

Saa nne Kunda akaingia.

"Natoka Kasumbalesa, ku mpaka, siku mbili mu foleni ya malori. Basema mulinzi njo aliiba?"

Kapya akamsogezea karatasi. Kunda aliisoma, akakaa polepole.

"Nilizani mashini njo inakosa," alisema. "Muntu wa kuandika programu aliacha kazi tangu novembre. Banatuma mukanda mutupu juu utie sahihi tu. Ile ikijulikana, mkataba inakufa, bureau yetu ya hapa inafungwa."

"Na weye?"

"Miaka kumi na mbili nilikuwa Ulaya. Hapa sina tena muntu, Mama Kapya. Iko hii kazi, na weye."

"Na Chola, Kunda? Angefungwa."

"Sikumuwaza," alisema, akautoa mkanda mfukoni mwa mkoba.

Walikwenda pamoja kwa mkurugenzi. Chola akaachiliwa, barua ya kuvunja mkataba ikapigwa taipu, na Kunda akaambiwa akusanye vitu vyake aondoke kabla ya saa sita. Alipotoka hakugeuka.

"Sasa hapa nani anaijua ile mashine?" mkurugenzi aliuliza.

"Niko mimi tu, Citoyen Directeur."