Mwangwi wa Chumba cha Vigae

Wengine nyumbani wameanza kulipamba jambo hili, basi naliandika lilivyokuwa.

Ilikuwa Alhamisi ya kawaida mjini Rumonge, mchana, harufu ya mawese ikitoka sokoni. Binamu yangu Salmin alikuwa katika studio yake nyuma ya duka la baba yake, Hadji, akitengeneza wimbo wa arusi. Mwimbaji alikuwa mdogo wake, Mariam. Mariam aliishi kwa sauti yake. Kuanzia Kigwena hadi Nyanza-Lac, arusi zilimwita yeye.

“Sauti yako iko nyembamba kama ya mbuzi wa mutu maskini,” Salmin alimwambia.

“Basi imba wewe, tukimbie wote.”

Alikwisha kumrekodi mara tatu, sauti moja akaiweka katikati, moja kushoto, moja kulia. Alipunguza besi ya kinanda isimeze maneno. Wimbo ulinenepa, lakini ulibaki mkavu. Ulitaka mwangwi, na mwangwi wa kompyuta aliudharau. Akachukua kinasa sauti, akaenda nyuma ya msikiti, kwenye chumba cha kuoshea maiti, kwa sababu kina vigae mpaka darini. Akapiga kofi, akarekodi jinsi chumba kilivyojibu, ili kompyuta iuvike wimbo jibu lile.

Bibi Chausiku, anayeosha maiti za wanawake, alimkuta mlangoni.

“Mutoto wa Hadji, humo tunamwaga maji na kunyamaza. Ukipiga kofi, unaita. Futa.”

“Bibi, nimeiba mwangwi tu. Sanda zako ziko salama.”

Hakufuta.

Nilikuwepo studio alipouweka mwangwi ule kwenye wimbo. Sikatai, ulikuwa mzuri. Sauti ya Mariam ilipanuka, ikang’aa, ikawa kama ya wanawake wengi waliosimama karibu karibu. Salmin akacheka. Mariam hakucheka. Alikuwa akiwahesabu.

Kisha mwangwi ukaanza kutangulia. Tulisikia mwisho wa neno kabla ya neno lenyewe. Salmin akauondoa. Haukuondoka. Akafuta sauti zote tatu. Ukaimba peke yake, ubeti ambao hatukuutunga. Akachomoa waya wa umeme.

Ukaimba.

“Zima,” Mariam alinong’ona. “Kaka, zima.”

Likapigwa kofi. Kofi la mikono yenye maji. Nyuma yetu.

Mariam akafungua mdomo tena. Halikutoka neno. Lilitoka kwenye spika, kwa sauti yake:

“Kaka, baridi.”

Tangu hapo Mariam hasemi. Daktari alisema koo lake ni zima. Arusi zinamwita mwingine. Salmin aliivunja kompyuta kwa nyundo, na mimi simpi mkono.

Mariam analala chumbani kwangu, sisi wanawake wawili tu, na mlango naufunga kwa ufunguo. Kila Ijumaa asubuhi nakuta nywele zake zimelowa, zinanuka kafuri, zimesukwa misuko mitatu na kulazwa mgongoni, kama anavyosukwa mwanamke aliyekwisha kuoshwa.