Kitufe cha Mkono wa Kulia

Jirani yangu, yule fundi cherehani, si mtu wa kutunga maneno. Uchovu wenyewe haukumpa nafasi hiyo. Mwaka mzima alikuwa akimuuguza mama yake, tangu kiharusi kilipompoozesha upande wa kulia na kumfunga ulimi. Kufua, kugeuza, kulisha, kufua tena. Cherehani aliifunika shuka, wateja wakahamia kwingine.

Kaka yake, fundi simu, ndiye aliyeleta saa janja, akaiunganisha na simu ya huyo dada yake. Alimvalisha mama kwenye mkono uliokufa ganzi, ule wa kulia, ili mkono mzima uweze kukifikia kitufe cha duara kilichopo ubavuni mwa saa. Mama akikizungusha mbele, simu ya binti inalia mara moja: ndiyo. Akikizungusha nyuma, inalia mara mbili: hapana. Binti akapata nafuu kidogo. Angeweza kuuliza akiwa jikoni, mikono imejaa povu, na simu ikamjibu.

"Mama, nikuletee uji?" Mlio mmoja. "Nifungue dirisha?" Miwili.

Kulikuwa na swali moja alilolirudia kila kaka alipokuja kuomba mama akakae kwake, ili binti naye arudi kushona. "Mama, uende kwa kaka?" Miwili. Kila mara miwili, tena upesi, hata kabla hajamaliza kuuliza. Binti alimeza machungu yake, akajikaza kisabuni. Mama kasema, nani wa kubisha?

Jumamosi moja, jua limejaa chumbani, alikaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono mzima wa mama, wa kushoto, akaanza kumkata kucha. Alikuwa hoi, kope zinamwelemea. Bila kuinua kichwa, akasema kama anayejisemea:

"Hivi mama, kweli unataka nikae humu mpaka nizeeke?"

Simu ikalia mara moja.

Akacheka kicheko kisicho na furaha, akashika kidole kinachofuata. Ndipo alipoacha kukata. Mkono aliokuwa ameushika haukuwa umetikisika.

Akageuza macho polepole. Mkono wa kulia ulilala juu ya shuka kama siku zote, vidole vimekunjamana. Hakuna kilichokuwa karibu nao. Kitufe kilikuwa kinazunguka. Mbele kidogo. Nyuma kidogo. Taratibu, kama mtu anakichezea kwa vidole huku akingoja kuulizwa tena.

Akamtazama mama usoni. Mama alikuwa ameikodolea macho ile saa, machozi yakimtiririka mpaka masikioni.

"Mama," akanong'ona. "Fumba macho kama si wewe uliyekuwa unajibu."

Mama akafumba. Akayakaza.

"Ulitaka kwenda kwa kaka? Fumba tena kama ndiyo."

Mama akafumba tena. Simu ikalia mara mbili. Ikarudia. Ikarudia.

Sasa akaelewa kwa nini kila siku mkono wa kushoto ulikuwa ukiing'ang'ania ile saa, ukiuvuta mkanda. Yeye alidhani mkanda unamwasha mama. Kila siku aliutoa ule mkono kwa upole na kuulaza kwenye shuka. Alilia kwa hilo kuliko kwa hofu.

Aliifungua saa, akaitumbukiza kwenye ndoo ya nguo chafu, akampigia kaka yake. Jioni haijaingia, mama alikuwa tayari amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, kichwa kwenye mapaja ya binti. Kaka akawasha gari.

"Mama, twende?" binti akauliza. Ni mazoea tu.

Mama akafumba macho. Na kwenye kifundo cha mkono wa kulia wa binti, mkono mtupu usio na saa, kitu kikambana mara mbili.

Mama anaendelea vizuri kwa kaka, nasikia hata maneno machache yamerudi. Binti naye amefunua cherehani yake. Jana nilimpelekea gauni la kupunguza. Huyu mtu hajavaa saa maisha yake yote, lakini mkono wake wa kulia umezungukwa na alama ya mkanda, ngozi imefifia kama iliyofunikwa kwa miaka. Alijaribu kutunga uzi, sindano ikamponyoka. Aliiokota kwa mkono wa kushoto; wa kulia ulibaki mapajani, vidole vimekunjamana.