Fundi Aliyeonja Oili

Siku hiyo niliamka vizuri. Nilikula viazi vitamu na chai, nikapanda mbele kwenye Landirova ya Walubengo, tukaenda Usenge, kule ufuoni mwa ziwa. Yeye alikuwa anaenda kuvuta gari bovu, mimi nafuata omena, wale dagaa wetu. Haya, na habari pia. Za hapa Mamboleo, Kisumu, nilikuwa nimezimaliza zote.

Gereji ya Walubengo imepakana na kibanda changu cha chai. Ni mtu wa Kimilili, mrefu, mpole, mwenye tabia moja chafu iliyompa jina: anaonja oili. Anachomoa kile kijiti cha kupimia, anaweka tone kwenye ulimi, anafumba macho. "Dani," ananiambia, kwa kuwa mimi ni nyanya wa kila mtu pale, "hii imeingia maji." Ama, "Hii ina petroli." Na hakosei. Mimi nageuza uso, chai inanipanda kooni. Lakini ulimi huo ndio uliomlisha mkewe Nasipwondi na watoto watatu.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu nyeupe. Alikuwa amelinunua Ndirangu, yule wa Nyeri anayeuza samaki mjini, kutoka kwa familia ya mama mmoja marehemu aliyeitwa Lorine. Lilikuwa limekaa ufuoni mwaka mzima bila kuwashwa.

Mama yake Lorine alitukuta tukifunga mnyororo. Hakutusalimia.

"Mwanangu alifia humu," alisema. "Kichwa kwenye usukani, injini ikinguruma. Hajui kwamba amekufa. Kabla hamjamvuta, mwambieni mnampeleka wapi."

Ndirangu, aliyekuwa ametungoja pale, akacheka. "Mama, chuma hakina masikio!" Akaingia kwenye pikapu, akashika usukani.

Walubengo aliniangalia. Nilitaka kumwambia aseme neno, lakini mdomo wangu huu usionyamaza ulikuwa umejaa samaki, ngege wa kukaanga. Tukaondoka.

Bondo tulipita salama. Baada ya Ndori mshale wa joto wa Landirova ukaanza kupanda. Walubengo akaweka gia ndogo. Mshale haukujali. Kisha taa nyekundu ya oili ikawaka.

Alizima hapo hapo. "Presha imeshuka," alisema. "Mzigo ukipasha injini, oili inakuwa nyepesi kama maji. Nikikaza, Dani, injini inakufa, na bila hii Landirova sina kazi."

Tukangoja ipoe. Rejeta ilikuwa imejaa maji. Feni, sawa. Mkanda, sawa. Akachomoa kijiti cha oili. Kilitoka kikavu.

"Yawa! Si uliijaza asubuhi nikiona?"

"Niliijaza."

Akalala chini ya gari kutafuta panapovuja. Hakuna tone. Moshi nao haukuwa umetoka. Akamimina galoni ya oili aliyobeba, akafungua mnyororo, akaendesha peke yake hadi kwenye kona na kurudi. Mshale ukatulia chini. Akafunga mnyororo tena, akawasha, hakusogea hata hatua.

Mshale ukapanda.

Akafungua. Ukashuka. Akafunga. Ukapanda.

Ndirangu akatoka kwenye pikapu, shati limelowa jasho. "Fundi, mbona huku ndani ni kama jikoni?"

Walubengo akaweka kiganja juu ya boneti ya pikapu. Akakiondoa haraka. Injini iliyolala mwaka mzima ilikuwa moto.

Akaifungua. Harufu ikatupiga usoni: samaki waliosahaulika ndani ya gunia juani wiki nzima. Ndirangu akaenda kutapika kwenye nyasi. Walubengo akachomoa kijiti. Oili ilikuwa imefika alama ya juu kabisa. Nene. Rangi ya ini. Ilishuka polepole ikivuta uzi kama kamasi, na katika uzi ule kulikuwa na unywele mrefu wa mwanamke na gamba moja la samaki.

"Walubengo," nikanong'ona. "Usionje."

"Nitajuaje bila kuonja?"

Akaonja.

Safari hii hakufumba macho. Nililiona koo likikataa. Likapanda. Likashuka. Akameza. Uzi ukabaki ukining'inia kidevuni, nikaupangusa kwa kidole changu.

"Ni nini?"

"Ni oili yangu," akasema. "Ile ya asubuhi." Akatema mate. Akatema tena. "Imechanganyika na mate ya mtu."

Kutoka hapo mshale haukupanda wala taa haikuwaka tena. Tulifika Kisumu mchana kama watu waliotoka harusini.

Lakini tangu siku hiyo Walubengo hakula. Ugali ukigusa ulimi, anasema unanuka gunia lile. Maziwa, vilevile. Akaanza kutapika uchafu mweusi ndani ya beseni, nami ndiye niliyemwaga, nikiuma leso ili nisitapike naye. Mifupa ikatokeza. Ndirangu alitengeneza pikapu yake, akawa anapita kibandani akijigamba: "Dani, hili gari halili oili! Mwezi wa tatu sasa, sijaongeza hata kijiko!"

Siku moja Walubengo alijikokota hadi pikapu ilipokuwa imesimama, nikiwa nimemshika kiuno. Akainama dirishani.

"Lorine," akanong'ona. "Ulikufa. Tulikuleta Mamboleo. Tusamehe."

Taa nyekundu ikawaka. Ikazima. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Ndirangu, na Ndirangu alikuwa anakunywa chai kwangu.

Nasipwondi akampeleka mumewe Kimilili. Kikombe cha bati alichozoea Walubengo kunywea chai kilibaki kwenye rafu yangu. Kila asubuhi nilikikuta na oili nyeusi chini, kiasi cha kidole, yenye joto. Namwaga. Naosha kwa majivu. Kesho iko.

Jumanne hii kilikuwa kikavu.

Nilikuwa bado nimekishika wakati Nasipwondi alipopiga simu. Alilia tu. Sikuhitaji kuuliza.

Kabla jua halijawa kali, Ndirangu akaja akisukuma pikapu, akisaidiwa na watu wawili. "Dani, jana oili ilikuwa imejaa! Leo imekauka, taa inawaka. Nani mwingine hapa anajua kuonja?"

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu, mimi niliyewaambia watu kila kitu. Kile kidole nilichompangusia Walubengo kidevu. Mnajua nilivyo, siwezi kuachwa nyuma na habari. Nilikilamba. Kidogo tu, nijue alichokijua.

Nikajimiminia chai kwenye kikombe changu cha buluu ili nitulie. Ilinuka gunia. Nilipoimwaga chini, pale penye majani ya chai palikuwa na gamba moja la samaki, limelowa, na unywele.

Mweupe. Mfupi. Kama wangu.