Beji ya Bibi Walburga

Kila Jumapili, supu ikishanywewa nyumbani kwa akina Mirjam mjini Linz, sahani ziliondolewa mezani na vita vikaanza. Vita vyenyewe vilikuwa juu ya jambo moja tu: familia ikienda milimani kuteleza thelujini kwa ski, wiki ile moja ya likizo ya Februari, ilale wapi?

Hii ilikuwa Jumapili ya nne. Mirjam alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili, na kwa desturi ya nyumba ile, mwenye umri huo ndiye katibu wa kikao. Aliandika nyuma ya karatasi za kalenda ya mwaka uliopita, na mkono wake ulikuwa umekwisha kuchoka, kwa kuwa kila wiki aliandika yaleyale.

"Mimi nataka nikifungua mlango nikanyage theluji," alisema baba. "Mwaka jana nilibeba ski za watu wanne hadi kwenye lifti ya mlimani. Mimi si punda."

"Na mimi nataka bafu langu," alisema mama. "Nimechoka kupanga foleni kwenye ukumbi na taulo begani, nyuma ya mzee anayeimba."

"Mbwa!" alisema Kilian, mdogo wake Mirjam.

"Mbwa si nyumba ya kulala, Kilian."

"Andika hivyo hivyo. Wewe ni katibu, si hakimu."

Bibi Walburga, mama yake baba, alikuwa akishona soksi dirishani. Hakuinua macho. "Kwa Moidl," alisema, kama alivyosema Jumapili zote tatu zilizotangulia.

Mama Moidl alikuwa mfugaji, na nyumba yake ilikuwa juu ya kijiji, mlango mmoja ukiingia kwa watu na wa pili kwa ng'ombe. Bibi alikuwa akilala huko kila Februari kwa miaka thelathini na mmoja, katika chumba kilekile cha chini kilichopashwa moto na jiko kubwa la vigae. Kijiji kilikuwa kimempa beji ya fedha ya mgeni mwaminifu, na bibi aliivaa kwenye kofia yake hata akienda kununua mkate.

Lakini Mirjam hakutaka hata kusikia jina la Moidl. Shuleni, Selina wa darasani kwake hakuacha kumkera. "Mnaenda tena kwa yule wa ng'ombe?" Selina alimuuliza mbele ya watu. "Basi Machi nitakaa dawati la mbali. Mwaka jana sweta lako lilinuka samadi mpaka Pasaka!" Selina na wazazi wake walilala Hoteli ya Taji la Theluji, yenye bwawa la maji moto na bomba la kutelezea lenye mizunguko mitatu.

"Taji la Theluji lina bafu kila chumba," alisema Mirjam, akiisogeza mbele karatasi yenye picha za hoteli. "Na ni mita mia tatu tu kutoka kwenye lifti."

Bibi alikata uzi kwa meno. "Ninalikumbuka lile shamba ilipo hoteli hiyo, kabla haijajengwa. Lilikuwa malisho ya familia tisa. Walilainishwa kwa maneno matamu mpaka wakauza. Leo watoto wao wanafua mashuka mle ndani, na wageni wakipita hawawasalimu. Na wenye hoteli hao hao, mwaka ule theluji ilipoporomoka na barabara ikafungwa siku nane, waliwapandishia watu bei ya supu. Ya supu! Mama yake Moidl alitulisha viazi na maziwa siku zote nane. Baba yako alikuwa mtoto wa miaka saba. Tulipotaka kumlipa alisema, siku za Mungu hazilipiwi."

"Mama, hayo ni ya zamani," alisema baba, akipumua kwa nguvu.

"Ya zamani kwa aliyeshiba."

Baba alijishika kichwa. "Tutazeeka mezani hapa! Mirjam, mpigie Moidl kesho umuulize kama chumba cha bibi yako kipo. Kikiwapo, tunaenda huko na hakuna wa kubisha tena. Kisipokuwapo, tunachukua hoteli. Nimemaliza."

Mama Moidl hakuwa na tovuti wala barua pepe. Alikuwa na simu ya ukutani jikoni, na kanuni moja: mgeni wa miaka mingi alitunziwa chumba chake hadi saa sita mchana, Siku ya Mtakatifu Martino, yaani Novemba kumi na moja. Baada ya hapo, chumba kilikuwa cha atakayepiga simu kwanza.

Jumatatu Mirjam alirudi kutoka shule, akaketi karibu na simu, akaitazama. Hakuigusa. Jioni baba alipouliza, alisikia sauti yake mwenyewe ikijibu kirahisi, "Mama Moidl anasema amejaza."

"Mungu ashukuriwe," alisema mama, akikumbuka bafu. Kilian aliuliza kama hotelini kuna mbwa.

Mirjam alingoja bibi afoke, maana mzee huyo alijua kufoka hata juu ya bei ya vitunguu. Badala yake bibi aliivua kofia kutoka kwenye msumari, akaifungua beji polepole, akaitia ndani ya kopo la vifungo. Akalifunika.

"Miaka thelathini na mmoja," alisema, kama anayezungumza na kopo. "Angeniambia tu kwamba wazee tumemchosha."

Siku tatu zile zilikuwa ndefu. Bibi alienda kununua mkate bila kofia, na baridi ilikuwa inauma. Mirjam alijikasirikia, akamkasirikia Selina, akalikasirikia na lile bomba la mizunguko mitatu. Hata picha za hoteli zilianza kumuudhi. Aliitazama tena ile ya lifti, akaona kitu ambacho awali hakutaka kukiona: kati ya hoteli na lifti palikuwa na bonde lenye mto. Hizo mita mia tatu zilipimwa kwa ajili ya ndege. Mtu mwenye miguu, na hasa mwenye magoti kama ya bibi, angezunguka nusu saa. Na picha haikuonyesha ngazi hata moja. Wanaopiga picha za hoteli hawapendi kuonyesha ngazi.

Alhamisi ilikuwa Siku ya Martino. Shuleni watoto walikuwa wakitengeneza taa za karatasi za maandamano ya jioni. Gundi ilimganda Mirjam vidoleni, akaitupa karatasi, akakimbia nyumbani, akapiga simu. Ilikuwa saa nane mchana.

"Nani?" sauti ya Mama Moidl ilikuwa kavu.

"Ni Mirjam, mama. Mjukuu wa Bibi Walburga. Naulizia chumba."

"Sasa? Saa nane? Nimekaa hapa tangu alfajiri, ng'ombe wanalia, sijathubutu kutoka jikoni nisije nikakosa simu ya Walburga! Saa sita ikapiga, nikamwongezea nusu saa. Nikajua amekufa, au amenitupa. Sasa wamekichukua watu wa Salzburg. Lipi kati ya hayo mawili, mtoto? Amekufa?"

"Hapana, mama," Mirjam alisema, na machozi yakamshuka. "Ni mimi. Nilimwambia bibi kwamba wewe umejaza. Sikukupigia."

Upande wa pili ng'ombe waliendelea kulia. "Basi usiniambie mimi," alisema Mama Moidl. "Nenda ukamwambie yeye. Kisha anipigie mwenyewe."

Hawakungoja Jumapili. Jioni ile Mirjam alisimama mezani, karatasi za katibu mkononi, akasema yote. Baba alianza kupaza sauti, bibi akamnyamazisha kwa kuinua kijiko. Akajikongoja hadi kwenye simu.

Walimsikia akisema, "Wewe kizee, ungepiga wewe!" Kisha, "Magoti yangu? Mabaya kama ulimi wako." Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Alirudi akaketi. "Chumba cha jiko kimekwenda. Moidl ananipa kitanda chake mwenyewe, kile cha karibu na jiko la kupikia, naye atalala kwa binti yake. Mama wa Kilian, unapata chumba kipya chenye bafu. Moidl amelijenga mwaka huu, tungelijua mapema kama tungeuliza badala ya kupiga kelele mwezi mzima. Mwanangu, ski zitabebwa na trekta. Kilian, mbwa wake amezaa. Watoto watalala darini, pale tufaha zinapohifadhiwa. Na Mirjam ataamka saa kumi na moja kila asubuhi kumsaidia kukamua."

"Kila asubuhi?" aliuliza Mirjam.

"Zote saba."

Mirjam alilileta kopo, akachakura ndani yake mpaka akaipata beji, akaifuta kwa shati lake. Bibi aliipokea, lakini hakuivaa bado. Aliushika mkono wa mjukuu wake.

"Kupenda bwawa si kosa," alisema. "Ungesema mezani, tungegombana, kama tunavyogombana siku zote, na ningekupenda vilevile. Lakini wewe ulichukua mdomo wa mtu ambaye hayupo, ukautumia kusema lako. Kwa siku tatu mimi nilimwona Moidl msaliti, naye leo ameniona mimi msaliti. Miaka thelathini na mmoja, na ilibaki kidogo iishe kwa sababu ya simu moja. Unalolitaka, mwanangu, liseme kwa mdomo wako mwenyewe, hata kama utashindwa."

Kisha akampa beji na kofia. "Haya, ifunge. Na ifunge vizuri. Kesho nakwenda kununua mkate."