Zamu ya Líadan

Ndoo ilikuwa tupu tena. Sorcha aliijaza mwenyewe jioni, akaifunika kwa sahani, na sasa sahani ipo palepale, maji hayapo, na jiko zima linanuka mwani.

"Labda paka," mumewe Cathal alisema bila kumtazama.

"Paka gani akishakunywa anafunika ndoo?"

Kijijini kwao wafu huzikwa kwenye kisiwa cha Mtakatifu Mornán, ambako watu huvuka mchangani kwa miguu maji ya bahari yakipwa. Na kila mtoto anajua kwamba aliyezikwa mwisho ndiye mlinzi: huwatekea maji wafu wenzake wenye kiu, wala hapumziki mpaka azikwe mwingine. Ndiyo maana majeneza mawili yakikutana mchangani, wabebaji hutimua mbio, kila upande ukitaka kutangulia kuzika.

Siku ya kumzika binti yao Líadan, jeneza la mzee mmoja lilitokea nyuma yao, na Cathal akasogea kando. "Piteni, wazee kwanza," alisema. Adabu! Sorcha hakuwahi kumsamehe.

Mchana wa siku ile ya ndoo tupu, maji yalipokupwa, Sorcha alikuwa akimenya viazi. Akasikia komeo la mlango likiinuka, kisha miguu myevu ikikanyaga sakafuni, midogo, ikimpita ubavuni na baridi yake, na kata ikagonga ndoo, ikateka, ikateka tena, na yeye ameshika kisu na kiazi asithubutu kugeuka, kwa maana aliijua pumzi ile tangu ilipoanza kuvutwa duniani.

"Líadan?" alinong'ona.

"Mama, wako wengi," sauti ikajibu. "Mikono inaniuma."

Tangu hapo Sorcha akawa hakosi kwa jirani yao Peig, bibi aliyekuwa mgonjwa wa mapafu. Alimpelekea mchuzi, akakaa kando ya kitanda, akisikiliza kifua kile kikikwaruza, na aibu ikimla.

"Umekuja kunipima jeneza, ee?" Peig alimtania.

"Mungu apishe mbali, bibi!"

"Acha unafiki. Ningekuwa mimi mama yake Líadan, nawe ndiye uliyelala hapa, ningeshakukaba kwa mto."

Wakacheka, kisha Sorcha akalia, na Peig akampapasa mkono. "Haya, mwanangu. Nimekuelewa."

Peig alipofariki, Sorcha alivaa nguo nyeusi, akashuka mchangani kungoja jeneza. Maji yalikupwa, mchanga ukakauka, maji yakaanza kurudi. Hakuja mtu. Mwishowe akashuka Colm, mtoto wa Peig, kofia mkononi.

"Tumeshamzika, dada. Makaburi mapya, kule mjini."

"Mjini? Kwa nini?"

"Mwenyewe alituapisha. Alisema kwa umri wake hawezi kuteka maji." Colm alitazama viatu vyake. "Na padri ameshayafunga makaburi ya kisiwani. Hatazikwa tena mtu kule."

"Na mwanangu je, Colm?"

"Mama alisema usiumie sana. Eti mtoto ameshazoea."

Ndipo kutoka kisiwani, juu ya maji yaliyokuwa yakijaa, ikaja sauti ambayo hata Colm aliisikia, akapiga ishara ya msalaba na kurudi kinyumenyume. Sauti nyembamba, iliyochoka, yenye furaha tele:

"Mama! Bibi Peig amefika wapi?"