Mbegu Iliyotoka Mdomoni

Wifi yangu alisafiri kwenda kumuuguza shangazi yao na mume wangu, akaniachia ufunguo wa nyumba na masharti ya mti.

Masharti yalizidi hata ya ofisini kwetu, na ofisini kwetu mtu huambiwa alete barua ya kuthibitisha kwamba barua aliyoleta jana ni yake. Niumwagilie jua likishazama. Nitumie maji ya mvua kutoka kwenye pipa la uani. Ya bomba yana chokaa, mti utanuna. Nisichume jani.

"Na usikae kuongea nao, wifi," alimalizia.

"Mimi niongee na mti? Nalipwa kuongea na watu na bado nachoka."

Hakucheka.

Kazi yangu ni sauti. Ukienda ofisi ya leseni, yule mwanamke anayeita kwenye kipaza sauti, "Mwenye namba inayofuata, dirisha la tatu," ni mimi. Dirisha la tatu limefungwa tangu niajiriwe, lakini tangazo halijabadilishwa kwa sababu anayeruhusiwa kulibadilisha anakaa dirisha la tatu. Kazini wananiita Spika. Mume wangu alikuja pale kuombea leseni duka lake la vipuri. Akaipata. Kesho yake nikamwona benchini tena, na keshokutwa, amefumba macho kama anasikiliza muziki. Anasema alipenda sauti kwanza; sura aliikuta baadaye, wakaelewana.

Basi fikiria mtu wa namna hiyo anapoanza kuhamia kwa dada yake.

Kisa ni huo mti. Marehemu mume wa wifi, aliyekuwa kinyozi, alipewa matunda na mteja mmoja aliyetoka mbali, akapanda mbegu kwenye ndoo sebuleni. Mti wenyewe hauna maajabu: unamfika mtu kiunoni, majani yamekusanyika nchani. Matunda yake ni madogo, mekundu, kama buni zilizoiva. Ukila moja huoni ladha ya maana. Lakini linyonye vizuri, lizungushe ulimini, kisha ng'ata limau.

Asali.

Siki inakuwa sharubati. Kwa muda wa saa nzima hakuna kitu kichachu kwako duniani. Kila jioni watu walijaa kwa wifi wakibugia malimau na kucheka kama watoto, na mume wangu katikati yao. Akirudi nyumbani anaonja mchuzi wangu, anaweka kijiko chini taratibu.

"Una ukali kidogo, mke wangu. Wa dada leo ulikuwa mtamu!"

Mchuzi wangu haujabadilika tangu anioe. Niliona wivu, na ungemwambia nani? Kwamba unamwonea wivu mjane, tena dada wa mumeo, kwa sababu ya ndoo?

Jioni ile niliingia na kopo la maji ya mvua. Sebule ilikuwa na giza jepesi. Kilichonipokea kwanza ni harufu. Poda. Spiriti. Sabuni ya kunyolea.

Nikajiambia labda wifi aliacha nguo za marehemu wazi. Nikamwaga maji. Udongo ukayanywa kwa sauti, kama mtu mwenye kiu.

Kisha nikasikia...

Kacha. Kacha. Kacha.

Mkasi. Polepole, karibu na sikio langu.

Majani hayakutikisika. Kutoka ndani yake, sauti ya kiume ikanong'ona:

"Inamisha kichwa."

Nikainamisha. Usinicheke; hata wewe ungeinamisha. Kwa kinyozi kichwa hutii kabla mwenyewe hajaamua. Kitu cha baridi kikapita kwenye kisogo changu, kushoto kwenda kulia, kwa ustadi kabisa.

Nilipopapasa, vidole vilirudi na vinywele vifupi vilivyokatwa.

Nilikimbia, sikatai. Ila nilipofika getini nikagundua nina tunda jekundu kiganjani. Sikumbuki kulichuma. Mkono wangu ulikuwa umefuata jambo lake.

Kupanda nilikujua. Wifi aliwahubiria wageni wote: mbegu ya tunda hili haianikwi, ikikauka imekufa. Unainyonya mpaka nyama yote iishe, ibaki laini, halafu inatoka mdomoni inaingia udongoni papo hapo. Udongo uwe mchachu: majani yaliyooza na makapi ya kahawa. Juu unafunika mfuko wa nailoni ili upate jasho lake. Mmea uwe kivulini, na uvumilivu uwe wa miaka.

Nikatafuta debe, nikalijaza. Nikanyonya mbegu mpaka ulimi ukawa wa sukari. Na kabla sijaitema nikasema, mbegu ikiwa bado kinywani, maneno yakiipita juu na chini:

"Mkalishe nyumbani."

Nikaitema. Nikafukia.

Miaka? Mvua za msimu ule hazijakatika, mti ulikuwa unanifika kiunoni na una matunda. Mtu wa akili angejiuliza. Mimi nilikuwa nimeshaweka sahani ya malimau kibarazani.

Mume wangu alionja, akaonja mchuzi, akafumba macho kama zamani pale benchini. Kwa dada hakwenda tena. Wifi aliporudi alikuta kiti cha kaka yake sebuleni kitupu, nami nikipita kwake namsalimia kwa unyenyekevu wa mshindi. Nilikuwa na furaha mbaya. Ilikuwa tamu, hata bila tunda.

Halafu koo likaanza kukwaruza.

Mwanzo ofisini walidhani kipaza sauti kimeharibika, wakakifungulia jalada. Baadaye sauti ikabaki upepo. Nikapeleka barua ya daktari inayosema siwezi kuongea. Ikapokelewa, ikagongwa mhuri, na mimi nikaitwa mbele ya kamati kuifafanua kwa mdomo.

Daktari mwenyewe alinichungulia kooni, akaita mwenzake naye akachungulia. "Hakuna ugonjwa," aliniambia. "Ni kama... hakuna kitu kabisa."

Jioni moja nilirudi, jua limeshazama, nikamsikia mume wangu kibarazani anacheka. Kicheko cha chinichini. Kile nilichodhani ni changu peke yangu.

Na mwanamke anamjibu.

Damu ilinipanda. Nikavua viatu, nikasogea mpaka nyuma ya mlango. Mafuta ya nywele yalinukia. Ya mawaridi. Nikasema moyoni, mshenzi huyu anapaka hata mafuta kama yangu!

"Mwenye namba ya moyo wangu," mwanamke alinong'ona, "dirisha la tatu."

Huo ulikuwa utani wetu wa uchumba. Hakuna mwingine anayeujua.

Nikachungulia.

Mume wangu alikuwa amekaa peke yake, goti limegusa debe.

Na sauti ilikuwa yangu. Nzuri, nzima, ya kabla ya kukwaruza.

Kesho yake nilimvuta wifi kwa mkono mpaka kibarazani. Mume alikuwa dukani. Wifi alipouona mti, hakuuliza nimeupata wapi. Aliinama akanusa majani, akabaki ameinama.

"Mbegu ilitoka mdomoni mwa nani?"

Nikajigusa kifua.

"Ulisema neno nayo?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Wifi yangu, wewe!" Alikaa chini palepale sakafuni. "Shemeji yako, marehemu mume wangu, alipanda akiwa kazini, mbegu mdomoni, mteja kitini. Ndipo neno lake likaingia. Baadaye akawa hasikiki. Baadaye zaidi, hata ukiwa naye chumba kimoja, unamsahau. Nilikuwa napakua chakula cha mtu mmoja, namkuta mezani, nashtuka. Mpaka akafa."

Nikanong'ona kwa ile pumzi iliyobaki: "Mti... ulimchukua?"

"Au ulinitunzia. Sijui, na sijapenda kujua. Ninaye."

Nikamwonyesha kwa vidole: nikate?

Akatazama pembeni. "Nilijaribu tawi moja, yeye akiwa kitandani. Kisu hakijafika katikati, akapiga yowe. Ndiyo sauti ya mwisho niliyosikia kwake mwenyewe."

Alisimama, akajikung'uta gauni, lakini hakuondoka. Aliutazama mti wangu kwa muda mrefu. Nalijua jicho lile. Mimi ndiye niliyelitumia mwaka mzima.

"Na wako unaongea yote?" aliuliza. "Maneno yote?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Wangu anajua neno moja tu," alisema. "Kila jioni. Namwinamishia kichwa, ananinyoa, basi. Hata jina langu hanitamkii." Akafunga kitambaa chake, na hapo ndipo nikaona kisogo chake, jinsi kilivyochongwa vizuri. "Una bahati, wifi."

Akaenda zake bila kuaga.

Leo nimepika. Jua limezama na sahani mbili ziko mezani. Mume wangu hajaingia ndani. Siku hizi haingii. Amekaa, kama nilivyoomba. Mchana nilichukua kisu, nikakigusisha tu kwenye shina, nikahisi ubaridi wa chuma kooni. Nikakirudisha jikoni na kukatia vitunguu.

Nimesimama nyuma ya mlango wa jikoni. Naisikiliza sauti yangu ikimsimulia mambo ya ofisini, yale yale niliyokuwa namsimulia mimi. Inayasimulia vizuri kuliko mimi. Inajua pa kunyamaza. Naionea wivu mpaka meno yananiuma.

Sufuria ikateleza, ikalia juu ya jiko.

Kibarazani kukawa kimya...

"Nani huyo anatembeatembea jikoni?" mume wangu akauliza.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu asiyejua.

Nikafungua mdomo. Ukatoka upepo.

Majani yakasugua majani. Harufu ya mawaridi ikaingia ndani.

"Mgeni tu," sauti yangu ikamjibu kwa upole. "Hatakawia kuondoka."